Sura ya Sita: Waya wa Spika na Hukumu ya Sikio

Mtu aliyekwisha kununua amplifaya yake, akanunua na spika zake mbili, akazipanga sebuleni kwa utaratibu tulioueleza katika sura zilizotangulia, hubakiwa na jambo moja dogo ambalo, kwa udogo wake, lisingestahili kupewa sura nzima katika kitabu hiki lau si kwamba watu wazima wenye elimu zao na mali zao wamegombana juu yake kwa muda wa karibu nusu karne, na mpaka leo hawajapatana. Jambo hilo ni waya utokao mgongoni mwa amplifaya kwenda mgongoni mwa spika. Wako wasemao kuwa waya ni waya, na kwamba shaba haina habari kama inabeba sauti ya udi au umeme wa pasi. Na wako wanaoapa kuwa waya walioufunga jana umewatolea katika santuri zao sauti ambazo zilikuwa zimefichika miaka yote, pumzi ya mwimbaji, kidole kikiteleza juu ya uzi wa fidla, hata ukubwa wa chumba walimokaa wapigaji. Baina ya makundi hayo mawili wamekaa wafanyabiashara, nao hawana haja yoyote ya kuona ugomvi huu ukisha.

Haki haiwezi kutendeka katika shauri hili kabla ya kujua waya wenyewe una kazi gani, na kwa bahati njema kazi hiyo ni nyepesi kuieleza. Amplifaya hutoa volti zipandazo na kushuka kwa mfano wa wimbo wenyewe, na spika huzigeuza volti hizo kuwa mtikisiko wa koni yake, na mtikisiko huo ukawa mawimbi ya hewa yanayofika sikioni. Waya umo katikati, na kwa kuwa shaba, kama madini yote tuyatumiayo majumbani, haipitishi umeme bila ya kuuzuia japo kidogo, waya nao huwa na ukinzani wake, ambao hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Kwa kanuni hiyo, volti za amplifaya hugawanywa baina ya waya na spika kama faida igawanywavyo baina ya wabia wawili, kila mmoja kwa kadiri ya hisa yake: spika ya omu 8 ikishirikiana na waya wenye sehemu ndogo tu ya omu moja, karibu faida yote ni ya spika, lakini ukinzani wa waya ukizidi, fungu lake nalo huzidi, na alichokitwaa mbia huyo hakirudi tena kuwa sauti, bali hupotelea katika joto.

Kama mambo yangeishia hapo, waya mbaya ungekuwa na aibu moja tu, nayo ni kupunguza sauti kidogo, aibu ambayo msikilizaji angeiondoa kwa kuzungusha kitufe cha sauti kwa upana wa ukucha. Lakini spika iliyoandikwa omu 8 mgongoni haina omu 8 ila kwa jina. Kwa kweli ukinzani wake hupanda na kushuka kwa kadiri sauti inavyotoka kwenye mvumo wa ngoma kwenda kwenye mlio wa matoazi. Mahali fulani hushuka hata kufika omu 4 au chini yake, na mahali pengine, hasa pale chini ambapo koni hutikisika kwa mtetemo wake wa asili, hupanda hata kupita omu 20. Kwa sababu hiyo fungu la waya halilingani kwa sauti zote: kwa sauti hii waya huchukua kingi, kwa sauti ile huchukua kidogo, na hapo waya huacha kuwa mpunguzaji wa sauti tu, ukawa mgeuzaji wa sura yake. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote walizo nazo watetezi wa nyaya, na ajabu ni kuwa aghalabu hawaitaji.

Basi na tufanye hesabu, maana bila ya hesabu maneno haya yatabaki kuwa dhana. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1 una ukinzani wa takriban omu 0.017 kwa kila mita, na kwa vile umeme hauna budi kwenda na kurudi, spika iliyo umbali wa mita 5 kutoka kwenye amplifaya hutumia mita 10 za shaba. Twaa kwanza waya mwembamba wa milimita ya mraba 0.5, jamaa ya ule mwekundu na mweusi unaofungwa ndani ya boksi la redio za bei rahisi: mita zake 10 zina omu 0.34. Pale spika iliposhuka hata omu 4, waya huu hupunguza sauti kwa desibeli 0.7, pale ilipopanda hata omu 20, hupunguza kwa desibeli 0.15 tu, na hitilafu baina ya mapunguo hayo mawili, ambayo ni zaidi ya nusu ya desibeli, ni kitu ambacho sikio makini katika chumba kimya laweza kukitambua, ijapokuwa mwenye sikio hilo hatasema kuwa sauti imepungua, bali atasema kuwa imebadilika tabia. Kisha twaa waya wa milimita za mraba 2.5, kipimo kile kile cha waya ambao mafundi wa umeme huupitisha ukutani kwenda kwenye soketi. Kwa mwendo ule ule ukinzani wake ni omu 0.07, na hitilafu yenyewe yashuka hata karibu na desibeli 0.1, kiasi ambacho vyombo hukipima kwa urahisi lakini masikio ya watu wanaosikiliza muziki hayakihisi.

Kutokana na hesabu za namna hii wajuzi wengi wamekubaliana juu ya kipimo kimoja kisicho na makuu, ya kwamba ukinzani wa waya wote, wa kwenda na kurudi, usizidi sehemu moja katika ishirini ya ukinzani wa spika. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni omu 0.2. Kwa kipimo hicho waya wa milimita ya mraba 0.5 hautoshi zaidi ya mita 3 hivi, wa 1.5 watosha hata mita 8. Na wa 2.5 waweza kuvuka ukumbi wa mita 14 bila ya lawama. Yule aliyeweka amplifaya kabatini na spika moja kando ya kabati hilo hilo, nyingine upande wa pili wa mlango, amekwisha kusalimika na tatizo hili hata kabla hajajua kuwa liko.

Hapo ndipo muuzaji atakapokwambia kuwa shaba zatofautiana, na kwamba yake haina hewa ya oksijeni ndani yake, au kwamba si shaba bali ni fedha safi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ukweli wake ni mdogo kuliko bei yake. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa kiasi cha sehemu sita katika mia, maana yake ni kuwa waya wa shaba ulioongezwa unene kwa sehemu sita katika mia hulingana na waya wa fedha, na nyongeza hiyo ya shaba haifikii hata bei ya kahawa kibandani. Amma shaba isiyo na oksijeni, hiyo huizidi shaba ya kawaida ya umeme kwa sehemu moja hivi katika mia. Shaba ya kawaida yenyewe si uchafu: kipimo chake cha upitishaji umeme kiliwekwa na tume ya kimataifa ya mambo ya umeme tangu mwaka 1913, na viwanda vya leo hukifikia na kukipita. La kutahadhari nalo sokoni ni jingine, nalo ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao kwa macho ni shaba tupu, bei yake hushawishi, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa nusu nzima au zaidi. Ukwangue uzi wake mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umejua unachouziwa.

Yako maneno mengine ya kitaalamu ambayo hupambwa juu ya mabunda ya waya, nayo yana historia ya heshima ambayo ingefaa ielezwe, kwa sababu walioyavumbua hawakuwa matapeli. Katika karne ya 19, mataifa yalipoanza kuzamisha nyaya za telegrafu baharini, ilionekana kuwa alama iliyotumwa kwa ukali upande huu hufika upande wa pili imechujuka na kuchelewa, na mwanafizikia William Thomson akathibitisha kuwa kuchelewa huko huongezeka kwa mraba wa urefu wa waya. Kisha Oliver Heaviside, mtu mpweke asiyepita chuo kikuu, akaonyesha kwa hesabu ni masharti gani yanayohitajiwa ili waya upeleke alama bila ya kuipotosha. Waya wa telegrafu wa baharini uliletwa Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ukashuka pwani hadi Msumbiji na Durban, na kwa waya wa namna hiyo, uliolala chini ya bahari kwa maelfu ya kilomita, elimu ya Thomson na Heaviside ilikuwa ni suala la uhai na mauti ya biashara. Lakini mawimbi ya umeme wa sauti nyembamba kuliko zote tuzisikiazo, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, yana urefu wa kama kilomita 10 kila moja yakiwa ndani ya waya. Waya wa mita 5 ni sehemu moja katika elfu mbili ya wimbi hilo, na ya bahari hayauhusu.

Kadhalika twaambiwa kuwa umeme wa sauti nyembamba hukimbilia ngozi ya waya ukaiacha nyama ya ndani. Ni kweli, lakini kwa mitetemo hiyo 20,000 kina cha ngozi hiyo ndani ya shaba ni karibu nusu milimita, na waya wa milimita za mraba 2.5, tangu ngozi hata kiini, hautimizi milimita moja, kwa hiyo nyama inayoachwa ni kidogo sana. Na mtu wa makamo, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa wa nyaya za thamani kwa kuwa ndiye mwenye fedha, mara nyingi hausikii tena mtetemo huo hata ukipigwa peke yake. Iko pia tabia ya waya kuupinga umeme unaobadilika upesi kwa nguvu ya sumaku yake wenyewe, na tabia hii ni kubwa kuliko ile ya ngozi. Waya uliotengana nyuzi zake mbili kwa kiganja kizima huwa nayo zaidi kuliko uliobanana, na katika mwendo mrefu huweza kupunguza kidogo sauti za juu kabisa. Dawa yake ni kuziacha nyuzi mbili ziende pamoja, kama zilivyotoka kiwandani. Mshale uchorwao juu ya maganda ya nyaya fulani kuonyesha upande wa kuelekea spika hauna dawa, kwa maana umeme wa muziki huenda mbele na kurudi nyuma maelfu ya mara kwa sekunde moja, na hausomi.

Je, ugomvi huu ulizaliwaje? Katika zama za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hapakuwa na waya wowote: santuri alizoimba Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zilisikika barazani kwa nguvu ya sindano, ngozi nyembamba ya madini na baragumu. Zilipokuja amplifaya za umeme na spika zilizotengana nazo, watu walifunga waya wa taa, ule wa nyuzi mbili zilizoshikana, na kwa miongo mizima hakuna aliyelalamika. Katika miaka ya 1970 ndipo waandishi wa Japani na Ufaransa, na miongoni mwao Jean Hiraga, walipoanza kuandika kuwa nyaya zina sauti zao, na mwishoni mwa miaka hiyo mhandisi mmoja wa California, Noel Lee, aliyekuwa mtumishi katika maabara ya Lawrence Livermore, akaanza kuuza waya mnene wenye ganda zuri kwa jina la Monster Cable. Waya wake ulikuwa mzuri kweli, na kwa mtu aliyekuwa ametumia uzi mwembamba mwendo mrefu, ulileta nafuu ya kweli. Lakini uvumbuzi wake mkubwa haukuwa wa shaba. Aliwaonyesha wenye maduka kuwa mtu aliyekwisha kubali kutoa fedha nyingi kwa amplifaya hatahesabu fedha kidogo za waya, na kwamba faida ya muuzaji katika fedha hizo kidogo ni nono kuliko katika zile nyingi. Wengine wakamfuata, wakampita kwa bei, hata leo ziko nyaya ambazo jozi yake yanunua gari, na viko vigoda vidogo vya mbao na kauri vya kuziinua nyaya hizo zisiguse sakafu.

Wenye shaka nao hawakukaa kimya, na silaha yao ilikuwa ni jaribio la upofu, yaani kumsikilizisha mtu bila ya yeye kujua ni waya gani unaopiga. Njia hii ni ya zamani: W. A. Munson na Mark B. Gardner wa maabara ya Bell waliieleza mwaka 1950, na mwaka 1982 David Clark akachapisha habari za chombo kinachomwezesha msikilizaji kugeuza baina ya vitu viwili, kisha akapewa cha tatu na kuulizwa ni kipi katika viwili vile. Mwaka 1983 Laurence Greenhill, tabibu wa maradhi ya akili mwenye mapenzi makubwa ya muziki, alichapisha katika jarida la Stereo Review la Marekani jaribio la nyaya tatu: ule wa Monster, waya wa taa wa milimita ya mraba 1.3 hivi, na uzi mwembamba wa milimita ya mraba 0.2. Uzi mwembamba ulitambulikana, kama hesabu zetu zinavyotarajia. Lakini baina ya waya wa taa na Monster, walipopigiwa muziki, wasikilizaji hawakuweza kuchagua kwa yakini kuliko mtu arushaye sarafu. Mwaka 1991 Fred Davis alichapisha katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti vipimo vya nyaya za namna nyingi zikiwa zimefungwa kwenye spika na amplifaya za kweli. Akaona hitilafu ambazo vyombo vinaweza kuzisoma, nyingi zikiwa katika sauti za juu kabisa, akahukumu kuwa waya mnene wa kawaida watosha na kusaza. Na mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia umri wake kufichua wadanganyifu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayezitambua nyaya za Pear Anjou, zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 7,250, zikilinganishwa na nyaya nzuri za kawaida. Mabishano yakawa mengi juu ya masharti, na jaribio lenyewe halikufanyika.

Watetezi wana jibu, na si haki kulinyamazia. Wasema kuwa jaribio humtia mtu wasiwasi, kwamba raha ya muziki haipatikani kwa kubonyeza swichi kila nusu dakika, na kwamba sikio huhitaji majuma kuzoea waya. Sehemu ya kwanza ina chembe ya ukweli: mtu aliye katika mtihani si mtu aliyejinyoosha kitini mwake. Lakini upofu hauhitaji swichi wala haraka. Mtu aweza kuwekewa waya nyumbani kwake, katika chumba chake, kwa santuri zake, akasikiliza mwezi mzima, sharti likiwa moja tu, asiambiwe ni upi. Ni sharti hilo moja, wala si swichi, ambalo hitilafu zile tukufu zimekuwa zikishindwa kulistahimili.

Kwa nini basi watu waungwana, wasio waongo, husikia mabadiliko? Mimi naamini kuwa aghalabu husikia kweli, ila hawasikii waya. Fikiri yanayotendeka. Mtu anyanyuka kitini, azima amplifaya, apiga magoti, afungua waya wa zamani, afunga mpya, awasha, arudi kukaa. Kichwa chake hakirudi mahali pale pale. Kimehama kwa upana wa vidole vichache, na sauti ya mitetemo 10,000 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 3.4 tu, kwa hiyo vidole hivyo vichache vyatosha kuligeuza lile linalotoka kwenye spika na lile linalorudi kutoka ukutani, yaliyokuwa yakipatana, yakawa yanapingana. Spika yenyewe huenda imesukumwa alipokuwa akifunga. Vituo vilivyokuwa vimelegea vimekazwa. Sauti huenda ikawa juu kwa robo ya desibeli, na sikio, katika kiasi kidogo namna hiyo, halisemi kuwa sauti imekua, lasema imekuwa safi. Juu ya hayo yote mtu huyu sasa anasikiliza kwa makini ambayo hakuwa nayo jana, anaitafuta pumzi ya mwimbaji, na pumzi ilikuwamo siku zote. Kumbukumbu ya sauti ni fupi mno kumkanusha. Na fedha alizotoa hazitaki akanushwe.

Lakini asiyeamini kitu naye asijitukuze, kwa maana mambo machache yako ambamo waya una neno. Nyaya zilizosukwa kwa nyuzi nyingi kama ukili, ambazo zilikuwa maarufu mwishoni mwa miaka ya 1970, zilipunguza ule upinzani wa sumaku tuliousema, ila kwa gharama ya kuhodhi chaji nyingi baina ya nyuzi zake, na baadhi ya amplifaya za siku zile hazikuweza kuvumilia mzigo huo, zikaanza kutetemeka zenyewe kwa mitetemo isiyosikika hata zikaungua. Kampuni ya Naim ya Salisbury, Uingereza, kwa muda mrefu ilitengeneza amplifaya zisizo na koili ndogo ya kinga kwenye mlango wa kutokea, ikitegemea waya wenyewe ufanye kazi ya koili hiyo, na ikawaagiza wateja wasitumie chini ya mita 3.5. Mwenye amplifaya ya namna hiyo na afuate kitabu chake, wala asinifuate mimi. Amma amplifaya za valvu, hasa zile ndogo zinazopendwa na wajuzi wa Japani, nyingine zina ukinzani wa ndani unaofika omu 2 au 3, na mbele ya ukinzani huo waya wa sehemu ndogo ya omu ni tone katika pipa.

Na kabla hujaulaumu waya, tazama ulipoanzia na ulipoishia. Ndani ya spika, baada ya waya wako wa thamani kukoma, umeme huingia katika uzi wa shaba mwembamba, uliozungushwa mara nyingi nyuma ya koni, nao peke yake una ukinzani wa kama omu 6 katika spika ya omu 8. Hakuna waya wa nje, hata ungefumwa kwa dhahabu, utakaoupunguza. Kwenye mwambao wetu, iwe Lamu, Tanga au Unguja, chumvi ya hewa huila shaba iliyo wazi, na ncha zilizokuwa nyekundu siku ya kufungwa hugeuka kahawia, kisha zikaota ukungu wa kijani. Kituo kilichofika hapo hupitisha umeme kwa kusitasita, sauti ikakwaruza au ikapotea upande mmoja, na mwenye nyumba akaenda mjini kununua waya mpya. Huhitaji waya mpya. Kata sentimita mbili za ncha iliyooza, menya ganda bila ya kuzijeruhi nyuzi, zisokote kwa vidole upande mmoja mpaka zishikane, uzitie kwenye kituo na ukikaze kwa nguvu ya mkono. Angalia usiache hata uzi mmoja ukatoka na kugusa kituo cha jirani, maana uzi huo mmoja, usioonekana usiku, huweza kuunganisha mlango wa amplifaya na kuiua mara moja. Kisha hakikisha kuwa nyekundu imekwenda kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwa spika zote mbili. Ukikosea kwa moja, koni moja itatoka mbele wakati nyenzake ikirudi nyuma, besi itafifia, mwimbaji atapotea katikati ya chumba, na hilo ni kosa la waya ambalo hata mtoto atalisikia.

Anayetaka kujipatia ithibati yake mwenyewe hahitaji maabara. Na apate nyaya mbili zenye unene wa kutosha kwa kipimo tulichotaja, mmoja wa bei ya duka la vifaa vya umeme na mmoja wa bei yoyote, na rafiki mwenye subira. Kiti kisihamishwe, na kitufe cha sauti kisiguswe. Msikilizaji atoke chumbani kila mara rafiki anapofunga, na rafiki arushe sarafu kuamua ni waya upi utakaofungwa, auandike katika karatasi, kisha atoke kwa mlango mwingine kabla msikilizaji hajaingia, asije akamsomea jibu usoni. Wafanye hivyo mara 16. Akipata 8 au 9 hakutambua kitu; akipata 12 au zaidi, atengeneze chai, wapumzike, warudie tena siku ya pili, maana mara moja katika kila majaribio 26 hivi bahati peke yake humpa mtu 12 au zaidi.

Hukumu yangu, basi, ni kuwa waya wa spika huathiri sauti ukiwa mwembamba, ukiwa mrefu kupita kiasi, ukiwa umeoza ncha zake au umefungwa kinyume, na ukishaepukana na hayo manne hauna la kuongeza ambalo fedha yaweza kulinunua. Fedha hizo zina mahali pake: spika bora, zulia zito sakafuni na pazia mbele ya kioo cha dirisha, maana chumba kitupu chenye kuta za saruji huweza kupandisha au kushusha baadhi ya sauti kwa desibeli 10, hali waya mzuri na waya wa ajabu hawapishani hata kwa sehemu moja katika kumi ya desibeli moja. Nawe msomaji ukisimama mbele ya kaunta, ukaonyeshwa waya kwenye sanduku la mahameli, mwombe mwenye duka kwa adabu akuazime kwa siku mbili ukaujaribu kwa sarafu na rafiki. Na akikataa, nunua mita zako 10 za waya wa 2.5 kwa fundi wa umeme, ukaenda zako.